Kompyuta ya Nini Darasani? Mhadhara kwa walimu tarajali wanaokwenda BTP, mazoezi ya kufundisha shuleni

Kaeni, kaeni. Walioko nyuma sogeeni mbele, leo hakuna kipaza sauti.

Nimeombwa niongee juu ya TEHAMA katika ufundishaji. Najua waliowatangulia wamewasimulia: "Yule mkufunzi ataanza na habari ya projekta." Naam, naanza na habari ya projekta.

Nilikwenda kumkagua mwanachuo wetu. Kidato cha Kwanza, hisabati, mada ni mteremko wa mstari. Kijana kapiga tai, kaazima projekta, nyaya kazipanga vizuri. Akawasha. Ukutani ikatokea fasili ya mteremko, neno kwa neno kutoka kitabu cha kiada, herufi ndogondogo, na nyota zinarukaruka pembeni. Watoto wakainama wakanakili. Akabonyeza slaidi ya pili, wa nyuma wakapiga kelele: "Mwalimu, bado!" Akairudisha ya kwanza. Dakika 40 zikaishia hapo. Nikafungua andalio lake la somo. Zana: kompyuta mpakato na projekta. Shughuli za mwanafunzi: kusikiliza na kuandika.

Niambieni, projekta ile ilifanya nini ambacho chaki haikiwezi? Iliongeza nyota.

Chukueni mada ileile. Kuna programu ya bure, GeoGebra, aliyoianza Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Unaandika y = mx + c, inakuwekea vitelezi viwili, yaani vitufe vya kuburuta: kimoja cha m, ambayo ndiyo mteremko, kimoja cha c, pale mstari unapokata mhimili wa y. Usieleze kitu. Sogeza m kutoka 1 hadi 2, hadi 5. Mstari unazidi kuinuka. Rudisha hadi 0; umelala. Hapo toa mkono kwenye kompyuta, uulize: nikivuka sifuri, utaelekea wapi? Kila mmoja auchore kwanza daftarini. Waache wabishane, ndipo usogeze. Hakosi mmoja wa kusema, "Mwalimu, m ikizidi sana si utasimama wima kabisa?" Huyo usimnyamazishe! Kakuletea swali linalopita yote uliyoandaa. Weka 100, kisha uvute mhimili wa x utanuke, waone wenyewe kama kweli umesimama wima. Ubaoni ungefuta na kuchora hadi kengele ilie.

Naona mnanong'ona. "Shule nitakayopangiwa haina projekta." Sawa. GeoGebra inaingia kwenye simu, na ukishaipakua unaweza kuchora bila bando. Nasema simu yako wewe mwalimu, si ya mwanafunzi, msije mkaniletea kesi. Na vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyogawiwa walimu viko wapi? Ulizeni mkifika. Msishangae mkiambiwa viko kabatini na mwenye ufunguo kaenda semina.

"Darasa lina watoto 80, kompyuta moja." Mimi hata sihesabu hilo kuwa tatizo. Mkiwa na picha moja ukutani wote wanabishana juu ya kitu kimoja. Kila mtoto akiwa na yake, nusu wanabadilisha rangi za mstari.

"Lakini mtihani unauliza sehemu za kompyuta." Basi jibuni, mfaulu, kipanya mkijue. Hata ile miduara mitatu ya watafiti Mishra na Koehler ya 2006, ya maarifa anayohitaji mwalimu, maudhui, mbinu na teknolojia, mnaichora vizuri sana. Kazi yenu iko pale kati inapokutana. Kwenye majibu yenu pale kati huwa pametiwa rangi tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine. Lahajedwali itawakokotolea wastani wa alama, jifunzeni. Vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vipakueni mkiwa hapa penye mtandao, msingoje mfike huko. Kunakili maandalio ya watu mtandaoni... hapana, hilo nikilianza hatuli chakula cha mchana.

Jumatano kila mmoja aje na andalio moja. Pale pa zana, kabla hujaandika "kompyuta", niandikie sentensi moja: mwanafunzi ataona nini kikibadilika? Ukiikosa, andika "chaki", na alama nitakupa. Wa jiografia mnaanza, saa mbili kamili asubuhi. Na aliyeazima waya wa projekta kwenye maabara aurudishe.