Anga siyo ya manispaa, ila uwanja ni wa kwake: maongezi kuhusu droni za kujifurahisha hapa Dar

Wazee wangu shikamooni. Mheshimiwa diwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji, mabalozi, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango mambo vipi, sogeeni mbele bana, hizi spika haziaminiki.

Nimeitwa niongee kuhusu droni, zile za kuchezea, za kupiga picha jua linazama pale baharini halafu unaposti, siyo za jeshi wala za kumwagia dawa mashambani. Na naomba nianze na swali ambalo najua wenyeviti wengi mmeshaulizwa, maana malalamiko ya mtaani huwa yanafika kwenu kabla hayajafika popote: mwenyekiti, kuna kitu kinaruka juu ya bafu langu, nani anahusika?

Mnacheka lakini ndo swali lenyewe. Dar tunajuana, nyumba nyingi huku uswahilini bafu liko uani, ukuta wa tofali au mabati, juu hamna kitu. Ule ukuta ulijengwa kwa ajili ya jirani anayepita chini, kamera inayokaa mita 30 juu hakuna aliyeiwaza. Sasa mama wa watu anatoka na kanga yake anakuja kwako mwenyekiti, wewe unampigia mtendaji, mtendaji anasema hiyo ni ya polisi, polisi wanasema hayo mambo ya ndege ni TCAA, na mpaka mmalize kupigiana simu betri ya kile kidude ilishaisha zamani, maana nyingi zinakaa hewani nusu saa au chini ya hapo.

Kwaiyo tuanze na nani ana nini. Anga la Tanzania liko chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kanuni za ndege zinazoendeshwa kwa rimoti zilitoka mwaka 2018. Ukitaka kurusha unahitaji kibali cha TCAA na pia unahitaji ridhaa ya Wizara ya Ulinzi, na hapo ndo vijana wengi wanapochoka, kwa sababu droni kuinunua ni dakika kumi na karatasi zake ni safari nyingine kabisa. Siwatetei, nasema tu hali ilivyo. Wengi wanaorusha bila kibali wala hawana roho mbaya, hakuna aliyewaambia kwamba kile kitu kisheria ni ndege.

Sasa manispaa inaingilia wapi? Kuna watu wanataka manispaa itunge sheria ndogo, ipige marufuku droni, ifunge kazi. Mimi nasema hapana, na siyo kwa sababu napenda droni, ingawa kweli napenda. Ni kwa sababu sheria ya hivo haifiki mbali. Angalieni wenzetu Marekani, kuna mji unaitwa Newton, jimbo la Massachusetts, baraza lao lilitunga sheria kwamba kila droni isajiliwe na mji, na kwamba usipite juu ya kiwanja cha mtu chini ya futi 400, kama mita 120, bila ruhusa yake. Kwenye masikio inaingia vizuri kabisa, si ndiyo? Mkazi mmoja mwenye droni akaenda mahakamani, na mwaka 2017 jaji wa shirikisho akavifuta vile vipengele alivyovipinga, akasema usajili na usimamizi wa anga ni kazi ya mamlaka ya anga ya taifa, na ukichanganya, mamlaka ya taifa inasema usivuke futi 400 kwenda juu, mji unasema usishuke chini ya 400, sasa huyo mtu arushie wapi?

Kwetu mfumo ni tofauti, sisi siyo shirikisho la majimbo, lakini mtego ni uleule. Sheria ndogo za manispaa zinatungwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, lazima zipite kwa waziri mwenye dhamana, na haziwezi kugombana na sheria mama. Ukiandika kwamba Kinondoni inatoa vibali vya kuruka, umeandika kitu ambacho mwanasheria wa mwaka wa kwanza anakiangusha asubuhi kabla ya chai.

Ila ardhi ni kitu kingine. Droni lazima ianze mahali na iishie mahali. Uwanja wa wazi, ufukwe, soko, stendi, bustani, eneo la shule ya kata, hayo yote yana mwenyewe na mara nyingi mwenyewe ni halmashauri. Ni kama leseni ya udereva, manispaa haikupi wewe leseni lakini ndiyo inayosema hapa ni paking na hapa siyo paking. Hao hao Wamarekani, idara yao ya hifadhi za taifa mwaka 2014 haikujisumbua na anga, ilisema tu ukiwa umesimama kwenye ardhi ya hifadhi huruhusiwi kurusha, kutua wala kuendesha. Mtu amesimama chini, askari wa hifadhi yuko chini, wanakutana. Mimi hiyo ndo naita sheria inayoshikika.

Mzee pale ameuliza, hatari yenyewe iko wapi, si kadude kadogo tu? Haya. Kitu cha kilo moja kikidondoka kutoka mita 100 kinafika chini na spidi karibu kilomita 160 kwa saa, hapo nimeacha upinzani wa hewa, tuseme hewa inapunguza, punguza unavyotaka, bado sitaki kiwe kichwa cha mwanangu. Mwaka 2015 kule Seattle droni ya karibu kilo moja iligonga ghorofa ikaangukia watu waliokuwa kwenye maandamano ya mtaani, dada mmoja akapoteza fahamu, na mwaka 2017 aliyeirusha akapewa siku 30 jela. Sasa chukua hiyo uilete Kariakoo saa kumi jioni, mwezi wa kumi na mbili, hapo chini hakuna hata pa kutema mate. Na katikati ya maghorofa jipiesi, ile inayoiambia droni iko wapi, inayumba, droni inapoteza mawasiliano inaamua kurudi nyumbani yenyewe kwa urefu uliyoiseti, kama uliiseti mita 30 na mbele kuna ghorofa kumi na tano, unajua wapi itaishia. Ongeza upepo, kipindi cha kusi hapa pwani upepo wa juu na wa chini ni vitu viwili tofauti, chini unaona shwari kabisa. Ongeza kunguru wa mji huu, wale hawaogopi mtu watamuogopa nani.

Halafu kuna uwanja wa ndege. Hapa nakaa kidogo mnivumilie. Watu wanadhani mradi hujavuka mita 120 uko salama, kwa sababu huko mtandaoni wanasoma futi 400 futi 400. Fanyeni hesabu. Ndege inayotua inashuka kwa mteremko wa nyuzi 3, yaani kila kilomita moja kabla ya kugusa chini iko juu kama mita 50 na kitu. Ikiwa kilomita mbili kabla ya pa kutua iko mita mia na ushee. Mkazi wa Kipawa au Kiwalani haitaji hii hesabu, ndege inapita anasoma maandishi tumboni. Kwaiyo kijana aliyesimama huko na droni yake kwenye mita 100, kwa imani yake safi kabisa, anaweza akawa kwenye urefu uleule na ndege yenye abiria. Januari 2025 Los Angeles, wakati wa ule moto mkubwa, droni ya mtu binafsi iligonga bawa la ndege ya kumwaga maji, ikatoboa tundu, ndege ikatua salama ila ikakaa chini siku kadhaa wakati moto unawaka. Hakuna aliyekufa, lakini fikiria ndege ya kuzima moto imelazwa kwa ajili ya video ya mtu.

Na sisi hapa kipindi cha kampeni helikopta zinatua mpaka viwanja vya shule, na vumbi likianza tu kila mtu anatoa simu, na siku hizi kuna anayetoa droni. Mwenyekiti, hiyo siku usisubiri TCAA, huo uwanja ni wako, mtoe.

Ila na nyie wenyeviti nina la kuwaambia, msinune. Msikamate kijana wa kwanza mnayemwona ana rimoti. Desemba 2018 uwanja wa Gatwick, London, ulifungwa kwa sababu watu waliripoti kuona droni, safari kama 1,000 zikavurugika, abiria zaidi ya laki moja. Polisi wakakamata mtu na mke wake, wakawashikilia, kumbe siyo wao, baadae wakalipwa fidia. Na aliyefanya hajapatikana mpaka leo. Wale ni polisi wenye vifaa vyote, sasa mgambo wetu na kirungu?

Hapo ndo penye wasiwasi wangu mkubwa kuliko hata droni zenyewe. Sheria ndogo nyingi zinaanza kwa usalama zinaishia kwa tozo. Ikiandikwa faini halafu mgambo apewe ruhusa ya kutaifisha, zitabebwa kama zinavyobebwa bidhaa za machinga, na risiti hutoiona. Nataka iandikwe wazi kwamba mgambo hagusi kifaa, anamtoa mtu eneo lile, anachukua jina na muda, mtendaji anapeleka polisi na TCAA, basi. Na iandikwe ukurasa mmoja: hapa kwenye masoko, stendi, shule saa za masomo, mikutano ya hadhara na mitaa iliyo karibu na uwanja wa ndege hurushi kutoka kwenye ardhi ya halmashauri. Halafu, na hii msiiruke, halmashauri ikae na TCAA na Wizara ya Ulinzi itenge japo uwanja mmoja ambapo mwenye kibali anaenda kujifunzia bila kusumbuliwa. Ukimfungia mtoto viwanja vyote atarushia juu ya paa la kwao.

Maana faida zipo jamani. Mji huu huu, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UDSM pamoja na wakazi walichora ramani za kata zinazofurika kama Tandale, mitaro, vichochoro, na picha za droni zilitumika.

Kuhusu bafu, sijasahau mama. Hiyo siyo ya anga tu. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo inafanya kazi. Usirushe jiwe, ukiipata itadondoka kwa jirani, kwenye watoto. Angalia inarudi upande gani, mwenyewe mara nyingi hayuko mbali, andika saa, nenda na shahidi.

Kuna kijana kauliza kuhusu video za harusi. Ukilipwa, hiyo ni kazi, usijifiche kwenye kujifurahisha. Na nyie wa kamati za harusi, mkikaa kikao na watu wa video mwambieni atoe kibali mkione kabla ya advansi, kwa sababu siku ikizuiliwa pale ukumbini pesa hairudi na bibi harusi hatamlaumu TCAA, atamlaumu mwekahazina. Haya, kuna mwingine alinyoosha mkono, mama wa kitenge cha bluu, mpeni maiki.