Mkiingia Makumbusho Wawili, Achaneni

Asanteni sana, mabibi na mabwana. Nimeombwa nizungumzie wapenzi wanaotembelea majumba ya makumbusho ya historia ughaibuni. Najua wengi mnatarajia niwaambie mshikane mikono tangu mlango wa kuingilia hadi wa kutokea. Mimi nasema: achaneni. (Kicheko.) Achaneni humo ndani tu, jamani, msije mkaninukuu vibaya.

Tatizo ni mwendo. Mmoja husoma kila kibao hadi nukta ya mwisho. Mwingine hutupa jicho, akaridhika, akasonga. Wakilazimishana kwenda sambamba, msomaji huona anaharakishwa na mwenzake huona anacheleweshwa. Saa ya pili hawasemeshani. Louvre ya Paris, kasri la wafalme lililofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1793, haimaliziki kwa siku moja, kwa hiyo msijaribu. Chagueni kumbi mbili tatu, mkubaliane saa na mahali pa kukutana, kisha kila mtu ashike njia yake. Mkikutana, kila mmoja ampeleke mwenzake kwenye kitu kimoja alichokipenda. Kimoja tu! Hapo ndipo utajua mtu wako huvutwa na nini, na huenda ukashangaa.

Mimi ningempeleka wangu kwenye jeneza la wanandoa la Waetruski, watu wa kale wa Italia. Louvre wanalo moja, lakini nalipenda zaidi lile la makumbusho ya Villa Giulia, Roma. Yote mawili yametoka Cerveteri, Italia, na yalifinyangwa kwa udongo wa kuchoma katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Hilo la Roma lilipatikana vipande vipande, likaungwa upya. Juu ya kifuniko, mume na mke wamejinyoosha kwenye kitanda cha karamu, wanatabasamu, mkono wa mume umepita begani kwa mkewe. Teremsheni macho miguuni: mke amevaa viatu vya ncha kali, mume yuko pekupeku. Kisha vidole. Vimekunjwa kana kwamba vimeshika kitu, na kitu chenyewe hakipo. Kikombe? Chupa ya manukato? Simameni hapo mbishane. Kumbukeni pia kwamba kwa Wagiriki wa zama hizo mke wa heshima hakujilaza karamuni pamoja na wanaume. Huyu yupo, ubavuni mwa mumewe, wala hajifichi.

London, British Museum, ambako kuona mikusanyo ya kudumu ni bure, tafuteni jiwe dogo la Ain Sakhri. Lina urefu wa sentimita 10 hivi na umri wa takriban miaka 11,000, nalo limetoka karibu na Bethlehemu. Ni watu wawili waliokumbatiana, nyuso hazikuchongwa. Ukisogea hatua moja, umbo linabadilika. Wengi hulipita bila kuliona.

Jumba hilohilo lina shaba za Benin, yaani sanamu na mabamba ya ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, zilizonyakuliwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1897. Mmoja wenu atasimama akistaajabia ufundi, mwingine atataka kutoka nje kwa hasira. Msinyamazishane. Ulizaneni: zirudi au zibaki? Hilo ni bora kuliko kupiga picha mbili na kuondoka.

Jambo la mwisho, la kiutendaji: Louvre hufungwa Jumanne, basi msipange siku hiyo. Karibuni kwa maswali.