Msihesabu Mvua ya Leo Peke Yake

Ndugu zangu, najua wengi mmekuja mkitaka kusikia kama masika haya yatakuwa makubwa. Hilo waulizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa walio Tanzania, na Idara ya Hali ya Hewa kwa walio Kenya. Hiyo ni kazi yao na wanaifanya. Habari za El Niño na za Bahari ya Hindi kupata joto upande wetu mmeshazisikia, 1997, 2019, 2023, sizirudii. Mimi nina swali moja ambalo nimeliuliza kila ninaposimama na nitaliuliza tena: ardhi yenu leo imebakiwa na nafasi kiasi gani?

Chukueni udongo wa kina cha mita 1. Ukiwa umekauka kiasi, tuseme sehemu 15 katika kila 100 ni matundu yenye hewa. Hapo panaingia milimita 150 za mvua, basi. Milimita 1 ni lita 1 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo mita moja ya mraba ya shamba lako inabeba lita 150. Kitakachozidi kitakwenda bondeni. Na mawingu yakitanda wiki nzima, ardhi haikauki: kinachorudi hewani ni milimita chache tu kwa siku, na kwenye udongo wa mfinyanzi kinachozama chini ni kidogo mno.

Sasa iangalieni mvua ya milimita 40 katika bonde la kilomita za mraba 200. Ikikuta ardhi kavu, sehemu kubwa inazama. Tuseme milimita 4 tu ndizo zinazofika mtoni: mita za ujazo 800,000. Mvua hiyo hiyo, wingu lile lile, ikikuta ardhi imeshiba, zinaweza kufika milimita 28. Hizo ni mita za ujazo 5,600,000. Mara saba! Halafu mtu anasimama kando ya nyumba iliyobomoka anasema, "Mbona ya juzi ilikuwa kubwa kuliko hii na hatukupata kitu?" Ya juzi ndiyo iliyojaza.

Kuna anayesema moyoni kwamba watabiri walitangaza mvua ya wastani. Ndiyo, na huenda walisema kweli. Utabiri unakueleza kitakachoshuka kutoka juu. Kilichoko chini ya miguu yako unatakiwa ukijue wewe, na chombo chake ni kopo.

Hapa nitakaa, mnivumilie, maana kopo hili linaharibiwa kila mwaka kwa makosa yale yale. Litafuteni kopo lenye kuta zilizonyooka, upana wa mdomo uwe sawa na wa kitako. Ndoo ya plastiki haifai: ni pana juu na nyembamba chini, kwa hiyo inakusanya kwa mdomo mkubwa na kupimia kwenye kitako kidogo, na utaandika mvua ambayo haikunyesha. Kitako kiwe bapa. Lifungeni kwenye kigingi, mdomo uwe zaidi ya sentimita 30 kutoka ardhini, la sivyo matone yanayoruka kutoka kwenye tope yataingia. Liwe mbali na mti au paa, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa mti au nyumba yenyewe. Kupima ni kila siku saa tatu asubuhi, hata kama haikunyesha, na sifuri iandikwe. Mnatumia rula? Tazameni mwanzo wake: rula nyingi zina kipande kitupu kabla ya alama ya sifuri, na kipande hicho kina milimita kadhaa. Ukiisimamisha ndani ya kopo bila kukihesabu, unaiibia mvua kila siku, na mwisho wa mwezi umepoteza mvua nzima. Ama kikate, ama ukiongeze. Ukishasoma, mwaga maji yote.

Kisha hesabu, na ni nyepesi. Chukua jumla uliyoiandika daftarini jana, punguza sehemu moja ya kumi, ongeza mvua ya leo. Jana ulikuwa na 50, toa 5, zinabaki 45, leo imenyesha 20, andika 65. Hiyo sehemu ya kumi ndiyo makadirio ya kinachokauka na kuzama. Mvua moja ya milimita 60 inayomtisha kila mtu, ikifuatwa na siku kumi za jua, inabaki 21 daftarini. Lakini milimita 15 kila siku kwa siku kumi, mvua ambayo hakuna anayeisimulia, inakupeleka karibu 98. Ni hiyo ya pili inayowaua watu, kwa sababu wamekwisha kuizoea.

Msiniulize namba ya hatari ni ngapi. Ya bonde la kichanga si ya bonde la mfinyanzi. Kando ya kila namba andikeni kijito kilifanya nini siku hiyo: kimepanda, kimefunika mawe, kimevuka daraja. Baada ya msimu mmoja mtakuwa mmeanza kuijua namba yenu.

Walioko chini ya mto, kopo lenu halitoshi. Garissa inaweza kuwa na jua kali huku mto Tana ukipanda, kwa sababu maji yake yametoka Aberdare na Mlima Kenya. Rufiji inabeba maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Budalang'i, magharibi mwa Kenya, inapokea mto Nzoia, na Nzoia inaanzia nyanda za juu kule Cherangani na Elgon. Nyinyi mnahitaji namba ya simu ya mtu mwenye kopo huko juu, na awapigie yeye, msisubiri kumtafuta.

Ardhi iliyoshiba haimwagi maji tu, yenyewe pia hutembea. Maporomoko ya tope ya Katesh, Tanzania, chini ya Mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023: maelezo ya serikali yalikuwa kwamba sehemu ya mlima ilinyonya maji, ikazidiwa, ikabomoka. Nyufa mpya juu ya mteremko, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyogeuka tope, hizo hazingojwi zithibitishwe. Na ishara moja watu huifurahia badala ya kuikimbia: mvua inaendelea, mto unapungua ghafla. Maji hayajaisha. Huko juu kuna kilichoyaziba. Mai Mahiu, alfajiri ya 29 Aprili 2024, Wizara ya Maji ya Kenya ilieleza kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha yakapasuka kwa mkupuo. Kila kalavati lililo chini ya tuta refu linaweza kuwa bwawa ambalo hakuna aliyelichora. Lisafisheni kabla ya mvua, pande zote mbili, kwani magogo hukwama kwenye mdomo wa kuingilia. Maji yakishajaa nyuma yake, asishuke mtu kuzibua kwa mikono.

Muda unanibana. Kuvuka: maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanamwangusha mtu mzima, 30 zinaelea na gari dogo, 60 zinabeba magari mengi. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma inakuwa mara nne.

Na matuta ya kuzuia mto. Magunia yajazwe nusu hadi theluthi mbili tu, mdomo ukunjwe chini, yapangwe kama matofali, kila moja likifunika ungio la yaliyo chini yake. Gunia lililojazwa pomoni haliketi, linaacha mianya. Mkiona maji yanachuruzika nyuma ya tuta, yatazameni rangi. Yakiwa meupe, wekeni mlinzi. Yakiwa ya tope au yanabubujika na mchanga, tuta linaliwa kutoka ndani. Msilizibe tundu, maana maji yatatokea pengine. Lizungushieni magunia kama ukingo wa kisima, maji yapande humo ndani mpaka yaanze kutoka bila mchanga. Hapo uzito wake unapunguza nguvu ya yale yanayokuja. Na wakati wachache wanafanya hivyo, wengine wote wawe wameshaanza kuwaondoa wazee na watoto.