Majivu hayarudi kuwa makaa

Haya, tuanze. Chupa hii nimeiweka hapa mbele makusudi, sumaku inazungusha dawa humo ndani. Nyekundu... subirini... hiyo, bluu! Sasa inarudi nyekundu. Na kila nikiionyesha lazima mtu anyooshe mkono, mwalimu, hii si inavunja sheria ya pili ya themodainamiki, ile inayosema mmenyuko ukiachwa wenyewe unaenda upande mmoja tu, mmenyuko umeenda mbele halafu umerudi nyuma wenyewe. Hapana jamani! Haujarudi nyuma hata kidogo.

Neno hilohilo ndo lilimuumiza Boris Belousov, Mrusi. Mwaka 1951 hivi alichanganya asidi ya sitriki, hii ya kwenye ndimu, na bromati, chumvi yenye bromini, na metali ya seriamu, akaona njano inakuja, inapotea, inakuja tena. Akaandika, mhariri akamjibu haiwezekani. Akahangaika miaka, akapeleka tena, wakakataa tena, mwishowe 1959 ikatoka kifupi kwenye kijitabu cha tiba ya mionzi, nani angeisoma huko? Amekufa 1970, Tuzo ya Lenin wakampa 1980, mtu keshakaa kaburini miaka kumi. Inaniuma kila nikisimulia, maana waliomkatalia sheria walikuwa wanaijua, ila waliielewa vibaya.

Wanaokataa wanafikiria bembea. Bembea inapita pale katikati inapotaka kusimama, inapitiliza, inarudi. Kemikali haziwezi hivyo, kweli kabisa, mmenyuko hauvuki msawazo, yaani pale unapotulia, kwenda ng'ambo. Lakini nani kasema chupa hii imefika kwenye msawazo? Iko mbali sana! Fikirieni sufuria jikoni, maji yanachemka, mfuniko unainuka, mvuke unatoka, mfuniko unashuka, unainuka tena. Makaa huko chini je? Yanaisha tu, mfuniko ukiwa juu yanaisha, ukiwa chini yanaisha, hakuna aliyewahi kuona majivu yanarudi kuwa makaa eti kwa sababu mfuniko umeshuka. Sasa bromati na asidi ndo makaa yangu, rangi ndo mfuniko. Nishati huru, yaani ile inayoweza kufanya kazi, inashuka muda wote, iwe nyekundu iwe bluu.

Mtasema sawa, mfuniko nani anaushusha? Bromaidi, kemikali nyingine ya bromini iliyo humo humo. Ikiwa nyingi inazuia, ikipungua sana asidi ya bromasi, inayotokana na bromati, inaanza kujizalisha, moja inazaa mbili, mbili nne, feroini, ile dawa ya rangi, inageuka bluu ghafla, halafu hiyo bluu inaunguza asidi ya maloniki yenye bromini, bromaidi inatoka tena, inazima kila kitu. Maloniki aliileta Zhabotinsky, Mrusi mwingine, badala ya sitriki ya Belousov, alianza 1961 akiwa bado mwanafunzi, na hatua zenyewe wakazipanga wanakemia Field, Körös na Noyes 1972.

Ila kabla hamjatoka tazameni chupa. Wakati tunaanza ilikuwa inageuka harakaharaka, sasa inachelewa, mnaona? Hakuna anayeiongezea makaa. Pitieni hapa jioni, mtaikuta imeganda kwenye rangi moja, na mtikise mtakavyotikisa haigeuki.