Jinsi ya Kupima Juhudi za Akili kwa Kuusoma Moyo

Karibu, mtazamaji. Katika video hii tutapima jinsi moyo unavyoitikia mtu anapofanya kazi ngumu ya akili, kama vile kukumbuka mfuatano wa herufi zinazopita upesi kwenye skrini. Wengi huanza kwa kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika, kwa kuwa hata saa ya mkononi huonyesha namba hiyo. Lakini peke yake haitoshi, na ni afadhali nieleze sababu kabla hatujagusa kifaa chochote.

Mapigo ya moyo yana mabwana wawili. Neva za simpathetiki huyaharakisha, na neva za parasimpathetiki huyatuliza. Yakipanda kutoka 70 hadi 76, huwezi kujua kama punda amechapwa au amelegezewa hatamu tu. Nguvu ya ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini) kujikaza, hata hivyo, hutawaliwa zaidi na neva za simpathetiki, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Tutaisoma kwa kupima kipindi cha kabla ya msukumo, yaani muda unaopita tangu umeme uanze kuenea katika ventrikali hadi vali ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ifunguke na damu ianze kutoka. Kwa mtu mzima aliyetulia, muda huo huwa karibu milisekunde 100. Moyo ukijikaza kwa nguvu zaidi, vali hufunguka mapema na muda hufupika. Weka akilini basi kwamba juhudi zikipanda, namba hii hushuka.

Tuanze na maandalizi. Mwombe mshiriki asivute sigara, asinywe kahawa wala asifanye mazoezi mazito katika saa chache kabla ya kipimo, kisha umweleze utakachofanya na upate idhini yake. Muulize pia kama ana kifaa cha kuendesha mapigo kilichopandikizwa kifuani. Akiwa nacho, usiendelee naye, kwa sababu kipimo hiki hupitisha mkondo mdogo wa umeme mwilini. Kwa wasio na kifaa hicho, mkondo huo hauhisiwi kabisa.

Sasa tazama picha ya karibu. Safisha ngozi kwa spiriti na uiache ikauke. Elektrodi za umeme wa moyo hubandikwa chini ya mfupa wa mtulinga upande wa kulia na chini ya mbavu upande wa kushoto. Elektrodi za impedansi, yaani ukinzani wa mwili dhidi ya mkondo wa umeme, huwekwa kwa jozi: shingoni pande zote mbili, na ubavuni pande zote mbili, usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa kidari. Katika kila jozi, elektrodi ya nje hupitisha mkondo na ya ndani husoma badiliko la impedansi ya kifua damu inapoingia kwenye aota. Bonyeza ukingo wote wa elektrodi ya shingoni kwa kidole, si katikati tu. Niliwahi kupoteza rekodi nzima ya mshiriki mmoja kwa sababu ya kola ya shati iliyokuwa ikiinua ukingo huo kila alipogeuza kichwa, nami nilikuwa nikitazama saa badala ya kutazama mstari kwenye skrini.

Funga mkanda wa kupimia shinikizo la damu kwenye mkono asioutumia kujibu, mkono huo ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Weka kifaa kirekodi mara 1,000 kwa sekunde, kwa sababu tofauti tunazozitafuta ni za milisekunde chache.

Mwache mshiriki akae kimya kwa takriban dakika 10 bila simu. Kipimo cha msingi kitatokana na dakika za mwishoni, ambapo namba zimetulia, kwa maana watu wengi hufika wakiwa na wasiwasi, na msingi uliochukuliwa wakati wa wasiwasi hufanya kazi yenyewe ionekane haikumgusa mtu.

Inayofuata ni kazi ya akili, nayo ndiyo inayohitaji fikra kuliko vifaa vyote. Mwaka 1989 wanasaikolojia Jack Brehm na Elizabeth Self walieleza kwamba mtu hatoi juhudi kulingana na ukubwa wa hamu yake, bali kulingana na ugumu wa kazi, mradi kazi hiyo inawezekana na malipo yake yanastahili. Mwanasaikolojia mwenzao Rex Wright aliliunganisha wazo hilo na utafiti wa Paul Obrist kuhusu moyo. Kwa hiyo ukiongeza zawadi katika kazi rahisi, usishangae moyo ukibaki vilevile: hakuna anayetumia nguvu za kubebea gunia kuinua kikombe. Zawadi hupandisha kiwango cha juhudi ambacho mtu yuko tayari kufikia, na athari yake huonekana kazi inapokuwa ngumu, au ugumu wake usipojulikana mapema. Andaa basi viwango kadhaa vya ugumu, kimoja kikiwa hakiwezekani, na kila mshiriki afanye kimoja kwa dakika 5. Ajibu kwa kubonyeza kitufe, kwa kuwa kuzungumza kwenyewe hupandisha shinikizo la damu.

Baada ya kazi, fungua rekodi. Panga mapigo yote ya kila dakika moja yakiwa yamelingana kwenye kilele cha R, yaani ncha kali ya kila pigo kwenye mstari wa umeme wa moyo, kisha yapatie wastani, ili kelele za kupumua na kujongea zipungue. Kwenye mstari unaoonyesha kasi ya badiliko la impedansi tafuta nukta B, kijikunjo kidogo kinachotangulia mpando mkali kuelekea kilele C, sehemu ya juu kabisa ya mstari huo. Hapo ndipo vali ya aota inapofunguka. Programu huiweka yenyewe, lakini mimi siiamini bila kuangalia kwa macho, maana kwa baadhi ya watu kijikunjo hicho ni hafifu mno na programu hurukia kingine. Watu wawili waikague, kila mmoja peke yake, bila kujua mshiriki alipewa kazi gani.

Toa kipimo cha msingi kutoka kwenye kipimo cha kazi. Tuseme msingi ulikuwa milisekunde 104 na wakati wa kazi ni 97: badiliko ni −7. Kabla ya kuliita juhudi, tazama shinikizo la damu la chini na mapigo. Shinikizo hilo likishuka, vali inaweza kufunguka mapema kwa sababu tu upinzani wa aota umepungua. Mapigo yakipungua, ventrikali hupata muda wa kujaa zaidi, na kujaa huko nako huweza kufupisha kipindi chetu.

Utawakuta pia washiriki ambao badiliko lao ni karibu sifuri. Huenda kazi ilikuwa nyepesi kwao, au walikata tamaa mapema, na moyo huonyesha hali hizo mbili kwa namna ileile. Utazitofautisha kwa kusoma majibu yao ya kazi pamoja na swali moja utakalowauliza kabla ya kubandua elektrodi: kazi ilikuwa ngumu kiasi gani?