Fokasi Inatua Wapi? Kuipima Lenzi ya 85mm f/1.4

Habari za asubuhi, ndugu zangu wapiga picha. Nimeombwa nizungumzie lenzi za picha za watu, zile ambazo tundu lake la kupitisha mwanga linafunguka hadi f/1.4 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), na lile lalamiko ambalo mafundi wa kamera wanalisikia kila siku: "Lenzi yangu haishiki fokasi," yaani ukali wa picha hautui pale ulipolenga. Nitasema zaidi kuhusu kupima kuliko kuhusu kununua, maana naamini lenzi nyingi nzuri zinauzwa kwa bei ya kutupa na watu ambao hawakuzipima.

Tuanze na hesabu. Chukua lenzi ya 85mm kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya 35mm, ifungue hadi f/1.4, mweke mtu mita 2 mbele yako. Kwa kipimo cha kawaida cha majedwali, eneo litakaloonekana kali, kutoka mbele hadi nyuma, ni sentimita 4.5 hivi. Yaani una sentimita 2 na ushee mbele ya jicho, na kiasi hicho hicho nyuma yake. Tena kipimo hicho ni cha enzi ya picha ndogo za kuchapisha. Leo mteja anaikuza picha kwenye simu mpaka kope zinajaa skrini, na ukiitazama hivyo unene wote unabaki chini ya sentimita 2. Ukisogea hadi mita 1.5 unapungua tena karibu nusu.

Sasa tuingie ndani ya kamera. Kamera za kioo, hizi DSLR ambazo wengi wetu bado tunafanyia kazi, hazipimi fokasi pale pale picha inaponaswa, yaani kwenye sensa ya picha. Nyuma ya kioo kikubwa kuna kioo kidogo kinachoelekeza mwanga chini, kwenye sensa ya fokasi iliyo sakafuni mwa kamera. Sensa hiyo inalinganisha taswira mbili zilizopita pande mbili za lenzi. Kwa jinsi zilivyoachana, inajua lenzi izunguke upande gani na kwa kiasi gani. Ni ufundi wa ajabu, na ni wa haraka sana. Lakini unasimama juu ya sharti moja: njia ya mwanga hadi sensa ya fokasi iwe na urefu sawa na njia yake hadi sensa ya picha. Kwa f/1.4, njia hizo zikipishana kwa milimita 0.04 tu, zile sentimita 2 zako zimeisha. Kamera iliyoanguka mara moja, kioo kidogo kikahama kidogo mno usikione kwa macho, tayari imepoteza sharti hilo.

Kuna jambo jingine linalosemwa mara chache. Sensa ya fokasi haitazami kupitia upana wote wa lenzi yako. Nukta nyingi za fokasi, yaani zile sehemu za picha ambazo kamera inaweza kulenga, hutumia mwanga unaopita kwenye eneo la f/5.6, na zile makini zaidi eneo la f/2.8. Ukingo wa lenzi, ambao ndio ulioutolea fedha nyingi, haushiriki katika kupima, ila unashiriki kutengeneza picha. Na mwanga wa ukingoni hautui mahali hasa unapotua mwanga wa katikati. Ndiyo maana lenzi hubeba sahihisho lake na kuiambia kamera, na sahihisho hilo lisipowiana na vioo halisi vya lenzi, fokasi itatua pengine. Kwa hiyo kamera inaweza kuwa nzima, lenzi nzima, na ndoa yao ikawa na tatizo.

Kupima kwenyewe hakuhitaji vifaa vya gharama. Bandika ukurasa wa gazeti kwenye boksi gumu, lisimamishe wima likikutazama moja kwa moja. Pembeni yake laza rula kwa mshazari, alama ya katikati ikiwa sambamba na uso wa boksi. Lenga gazeti, usilenge rula. Nasisitiza hapa, kwa sababu kisanduku unachokiona kwenye kitafutio, kile kidirisha unachochungulia, ni kidogo kuliko eneo ambalo sensa inalisoma kweli. Ukilenga rula iliyolala mshazari, kamera itachagua mstari wowote inaoupenda, nawe utailaumu lenzi bure.

Kamera iwe kwenye stendi, nje kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, shata ibonyezwe kwa rimoti au kwa kuchelewesha sekunde 2. Tumia nukta ya katikati, f/1.4. Canon hushauri umbali wa mara 50 ya urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba yake ya mm, ambao kwa 85mm ni mita 4.25. Mimi nasema pima hapo, halafu pima na pale unapofanyia kazi kila siku. Kabla ya kila picha haribu fokasi kwa makusudi: zungusha lenzi hadi mwisho wa mbali, acha kamera ifokasi, piga. Rudia mara kumi. Kisha kumi nyingine ukianzia mwisho wa karibu. Halafu fungua skrini ya nyuma, kuza, fokasi kwa hiyo, upige picha chache. Hizi za skrini zimepimwa kwenye sensa ya picha yenyewe, kwa hiyo ndizo shahidi wako. Bila shahidi huyo huwezi kujua kama lenzi inakosea au tu ni laini kwa asili yake ikifunguliwa yote.

Sasa kusoma majibu, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko popote. Vijana wawili wanarusha mawe kwenye embe. Wa kwanza mawe yake yote yanapita shubiri moja kulia. Wa pili mawe yake yanatawanyika, mengine kulia, mengine kushoto, mengine juu. Wa kwanza umwambie neno moja tu na embe litaanguka. Wa pili hakuna neno la kumsaidia, anahitaji mkono mwingine. Picha zako ishirini zitakuambia una kijana yupi. Zikitua zote nyuma kwa kiasi kinachofanana, menyu ya kamera inatosha: kile Canon wanachokiita AF Microadjustment na Nikon AF Fine Tune, vyote kutoka hasi 20 hadi chanya 20. Fokasi ikitua nyuma, nenda upande wa hasi, hatua chache kwa wakati, kisha upime upya. Zikitawanyika, usiguse menyu. Namba yoyote utakayoiweka itaziokoa baadhi na kuziharibu nyingine. Mtu anayerekebisha kwa kutazama picha moja anacheza bahati nasibu na kazi ya mteja.

Rangi nazo zinasaidia. Lenzi nyingi za f/1.4, kwenye kingo zenye weusi na weupe, huacha pindo la zambarau mbele ya fokasi na la kijani nyuma yake. Kope zikiwa na zambarau, fokasi imezipita, imetua nyuma.

Umbali nao usisahaulike. Lenzi inaweza kuwa sawa kwa mita 2 na kukosea kwa mita 5, na namba moja ya menyu haitibu yote mawili. Kampuni ya lenzi ya Sigma ilitoa USB Dock mwaka 2013, kifaa cha kuunganisha lenzi na kompyuta, ambayo hukuruhusu kurekebisha lenzi zao zinazoikubali kwa masafa manne tofauti. Pima pia f/2 na f/2.8. Kamera hufokasi tundu likiwa wazi kabisa, kisha hulifunga wakati wa kupiga, na kuna lenzi ambazo fokasi yake husogea, kwa kawaida kwenda nyuma, tundu likifungwa. Hiyo ni tabia ya muundo wake, si ubovu.

Dada hapo mbele ameuliza, vipi ikiwa gazeti linatoka kali lakini bibi harusi hatoki? Basi lenzi yako haina kosa. Kwanza, kufokasi kwa nukta ya katikati kisha kuinamisha kamera: kwa mita 2, ukiigeuza nyuzi 10, fokasi imeenda nyuma ya jicho kwa sentimita 3, na ulikuwa na 2 tu. Tumia nukta iliyo karibu na jicho. Pili, mtu aliyesimama huyumba bila kujua, akivaa viatu virefu ndiyo zaidi. Tumia fokasi ya kuendelea, ile inayomfuata mtu anaposogea. Tatu, shela. Kamera inapenda lesi na shanga kuliko ngozi laini, na shela iliyofunika uso iko mbele ya jicho. Nne, taa za ukumbi. Mwanga hafifu wa bluu au zambarau unaweza kuihamisha fokasi ya DSLR, kwa hiyo ukifanya kazi nyingi ukumbini, rudia kipimo chako ukumbini.

Wenye kamera zisizo na kioo wamepona ule ugonjwa wa njia mbili, kwa kuwa sensa ya picha ndiyo inayopima. Lakini kushika kope badala ya mboni, miwani inayong'aa, na mtu kuyumba, hayo bado wanayo.

Ikibidi uende kwa fundi, peleka mwili wa kamera na lenzi pamoja, si kimoja. Kama unaweza, jaribu kwanza lenzi hiyo kwenye kamera ya mwenzako, na lenzi ya mwenzako kwenye yako, ujue kosa linafuata kipi. Mpe zile picha ishirini na za shahidi kama zilivyotoka kwenye kamera, bila kuzihariri, ili aone tundu na umbali. Na umwambie ni kijana yupi uliyemwona: anayepita shubiri moja, au anayetawanya.