Timu Inayoondoka Kila Mwaka

Mhadhara kwa makocha wa timu za soka za wanawake vyuoni, Morogoro

Makocha wenzangu, habari za asubuhi.

Mwezi wa saba mwaka jana niliagana na wachezaji saba kwa siku moja. Walikuwa wamemaliza UE, mitihani ya mwisho ya chuo, wamekabidhi vyumba hosteli, wakapitia uwanjani na mabegi yao kurudisha jezi. Kipa alikuwamo. Mabeki wa kati wote wawili walikuwamo. Nahodha alikuwamo, binti aliyekuja mwaka wa kwanza akiwa hajawahi kuvaa njumu, na miaka mitatu baadaye alikuwa akipanga ukuta wa faulo kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Tulipiga picha, tukakumbatiana, wakapanda bodaboda kwenda stendi. Mimi nikabaki na mfuko wa jezi.

Kocha wa klabu akiondokewa na watu saba kwa mpigo, wapenzi wa timu watamwonea huruma. Kwa kocha wa chuo hiyo ni kalenda, kila mwaka inarudi. Kisha wanaingia mwaka wa kwanza, ambao hakuwachagua yeye. Wamechaguliwa kwa alama za kidato cha sita, wamekuja kusoma uhasibu, uuguzi, ualimu. Hatuna usajili wala dirisha dogo. Anayejitokeza kiwanjani saa kumi na moja jioni ndiye mchezaji wetu.

Ndiyo maana kwa miaka kumi na moja niliyofanya kazi hii swali langu limekuwa lilelile: wachezaji wakiondoka, nini kinabaki pale chuoni? Na wao wanaondoka na nini?

Mahali palipolijibu swali la kwanza vizuri kuliko popote ninapopajua ni Chapel Hill, Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali yao kuu, na vyuo vikalazimika kuwatazama wasichana hata viwanjani. Mwaka 1979 chuo hicho kilimpa Anson Dorrance, aliyekuwa tayari anafundisha timu ya wanaume, timu mpya ya wanawake. Mashindano ya soka la wanawake ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalipoanza 1982, timu yake ilichukua kombe la kwanza. Kuanzia 1986 hadi 1994 ikalichukua mara tisa mfululizo. Alipostaafu Agosti 2024 alikuwa na makombe 21 ya NCAA, na jingine la taifa la mwaka 1981, kabla NCAA haijaanza kuandaa mashindano hayo.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Mwanafunzi wa kule hucheza misimu minne. Katika ile miaka tisa, kikosi kizima kilibadilika zaidi ya mara mbili, na kombe halikuhama. Mia Hamm, ambaye wengi wenu mnamjua, aliingia chuoni hapo 1989. Mwaka 1991 hakuichezea timu ya chuo, kwa sababu alikuwa na timu ya taifa katika Kombe la Dunia la kwanza la wanawake kule China. Dorrance huyohuyo ndiye aliyeiongoza Marekani kulitwaa kwa kuifunga Norway 2-1. Chuoni, bila Hamm, kombe likaja vilevile. Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni ule wa 2024. Safari hii aliyeondoka ni kocha mwenyewe, msimu ukiwa unaanza. Msaidizi wake, Damon Nahas, akashika timu, na Desemba wakakifunga chuo cha Wake Forest 1-0 katika fainali.

Basi kilichobaki pale ni nini? Wengine watasema mfumo, ule wa mabeki watatu aliokuwa akiupenda. Mimi nasema ni mazoezi. Dorrance alijifunza kwa Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, kwamba kinachofanyika mazoezini kiandikwe. Akachukua wazo hilo na kulipeleka mbali. Karibu kila zoezi lina mshindi na mshindwa, kuna mtu pembeni anaandika, na mwisho kila mchezaji anaona yuko wa ngapi. Wenyewe wanaufananisha utaratibu huo na chungu kikubwa kinachotokota. Binti mgeni haambiwi maneno mengi kuhusu kujituma. Anaingia ndani ya chungu na kuwakuta wenzake wanachemka.

Kwetu tumezoea kinyume chake. Nimewaona makocha wema kabisa, wenye nia njema, wakiwapa mabinti mazoezi mepesi, wakicheka nao pasi ikipotea, wakisema "safi, safi" hata kwa kitu kisicho safi. Wanadhani ni upole. Binti wa chuo ana akili. Amefaulu mitihani mpaka hapo alipo, na amepewa alama tangu darasa la kwanza. Anapofika kiwanjani na kukuta hakuna anayehesabu, anaelewa mara moja kwamba hapa hachukuliwi kwa uzito.

Mimi nina daftari la kurasa mia mbili na kalamu ya wino. Jumanne tunacheza mmoja kwa mmoja, dakika mbili mbili, kwenye magoli ya koni. Alhamisi ni watatu kwa watatu, na kila baada ya dakika nne nazichanganya timu upya. Pointi haiandikwi kwa timu, inaandikwa kwa kila aliyekuwa kwenye timu iliyoshinda. Fanyeni hivyo kwa wiki sita, mtaona jambo ambalo macho yaliwaficha. Mwaka juzi nilikuwa na kiungo mmoja mkimya, hapigi chenga, hana shuti, na kwa kweli nilishamhesabu wa akiba. Daftari likasema kwamba popote nilipomweka, timu yake ilishinda. Nikaanza kumwangalia yeye tu. Kumbe kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshamwita mwenzake ajipange, na akipoteza mpira alikuwa wa kwanza kurudi kukaba. Mechi iliyofuata alianza, na hakutoka tena kikosini mpaka alipohitimu.

Nilikosea mahali pamoja na nataka mlisikie kosa hilo kwangu. Mwaka wa kwanza wa daftari niliyabandika matokeo kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini. Kesho yake wavulana walikuwa wamesimama pale wanasoma majina ya walioshika mkia kwa sauti. Jioni, kati ya wachezaji ishirini na wawili walikuja tisa. Niliwaomba radhi waliokuja, kisha nikaenda kuwaomba radhi wengine mmoja mmoja. Tangu siku ile daftari linakaa kwenye mfuko wa mipira. Kila mchezaji ana haki ya kulifungua na kuuliza kwa nini yuko pale alipo, na hakuna ruhusa ya kulipiga picha. Ndani yake hamna uzito wa mwili wa mtu yeyote. Naandika alichofanya uwanjani, basi.

Na hapa kisa cha Chapel Hill kina upande wa pili ambao sina haki ya kuuruka. Mwaka 1998 wachezaji wawili wa zamani walimshtaki Dorrance na chuo chake, wakidai kwamba aliwahoji na kuzungumza kuhusu maisha ya mapenzi ya wachezaji wake. Alikanusha kuwa alimnyanyasa mtu, lakini alikiri kwa maandishi kwamba alishiriki mazungumzo ya aina hiyo na kwamba hayakufaa. Shauri la mmoja lilimalizwa kwa maelewano 2004, la mwingine 2008 kwa malipo ya dola 385,000. Miaka kumi mahakamani. Mtu anaweza kuwa na mbinu bora kuliko wote na bado asijue mpaka wake uko wapi, na wenye kulipa ni mabinti.

Kocha wa chuo ana mamlaka makubwa kuliko anavyodhani. Anapanga nani anacheza, nani anasafiri, wakati mwingine nani analala wapi safarini. Kwa hiyo kwangu: simwiti mchezaji chumbani wala ofisini mlango ukiwa umefungwa. Ujumbe wa simu unapita kwenye grupu, na baada ya saa tatu usiku siandiki. Mchezaji akisema, "Madam, leo sipo sawa," inatosha, simdadisi. Anafanya anachoweza au anakaa pembeni na hakosi nafasi kwa sababu hiyo. Pedi zinakaa kwenye mfuko wa huduma ya kwanza pamoja na bandeji, anachukua anayehitaji bila kuomba. Anayevaa hijabu anacheza na hijabu yake. Sheria za mchezo zinaruhusu tangu 2014, na mwamuzi asiyejua hilo aelezwe kabla ya filimbi.

Nirudi kwa mwaka wa kwanza. Wachache wanakuja wamepitia UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, upande wa soka. Wengi wanajua netiboli, na mimi mwenyewe nilitoka huko. Tafadhali msiwapokee kama watu wasiojua kitu. Binti wa netiboli anajua kujinasua kwa anayemkaba katika nafasi ndogo, anajua kuusoma mpira ukiwa hewani, na mikono yake haiogopi. Makipa wangu watatu bora wote walitoka netiboli. Ila amekuja na zoea moja linalotusumbua: akipokea, anasimama. Sheria ya mchezo wake ilimfundisha hivyo, ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Kwenye soka akisimama amekabwa. Kwa wiki tatu za mwanzo zoezi lake kubwa ni kuupokea mpira kwa mguso unaompeleka mahali pengine. Nasimamisha koni mbili nyuma yake, na mguso wa kwanza lazima upite kati ya koni mojawapo na mwili wake. Anachoka, anakasirika. Mwezi wa kwanza ukiisha zoea limeanza kutoka.

Zoea hilohilo la kusimama ghafla ndilo linalonileta kwenye magoti, na hapa nitakaa kidogo.

Ndani ya goti kuna kano inayouzuia mfupa wa chini usichomoke kwenda mbele. Kwa wanawake kano hiyo hukatika mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume wanaocheza mchezo uleule, angalau mara mbili. Na mara nyingi hakuna aliyemgusa. Anaruka kupiga kichwa, anatua kwa mguu mmoja, goti linaingia ndani, unasikia mlio. Au anakimbia, anageuka ghafla, mguu umebaki. Baada ya hapo ni upasuaji kama fedha zipo, na miezi tisa au zaidi nje. Kwa mchezaji anayekaa chuoni miaka mitatu, hiyo ni sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira. Mmoja wangu ilimtokea kwenye mazoezi yangu, kwenye kiwanja kigumu cha mwezi wa tisa, siku ambayo nilikuwa na haraka na tulipasha misuli joto kwa kuzunguka uwanja mara mbili tu. Leo ni mwalimu, anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Tunapigiana simu. Hajawahi kunilaumu, na hilo haliniondolei kitu.

FIFA ina utaratibu wa mazoezi kumi na tano ya dakika ishirini unaoitwa 11+. Norway waliujaribu kwa wasichana karibu elfu moja na mia tisa wa miaka 13 hadi 17, na majeraha makubwa yakapungua kwa karibu nusu. Hauhitaji mashine. Unahitaji mpira, koni, na kocha anayekataa kuuruka hata siku ya mvua. Ufanyeni angalau mara mbili kwa wiki. Kipande ambacho makocha wengi hukipuuza ni kutua. Mfundisheni mchezaji kutua kama paka, bila kishindo, magoti yamekunjwa na yanatazama vidole, hayakutani. Ukimsikia anatua, hajatua vizuri.

Na chakula. Bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi, likitoka wanakula chipsi mayai. Likikaribia kwisha wanakunywa chai na maandazi mchana kutwa. Mchezaji anayepata hedhi na anayekula hivyo ataishiwa damu, atakuwa mzito dakika ya sitini, na kocha atasema hana pumzi. Ampime daktari wa zahanati ya chuo kabla kocha hajamwongezea mbio. Maharage, dagaa na mchicha wanavyo kantini kwa bei wanayoimudu. Wakamulie limao au wale na chungwa, mwili upate yale madini ya chuma, na chai ya rangi waiache kwanza; ikinywewa pamoja na chakula inayazuia. Hilo nimeliona likibadilisha wachezaji kuliko mbinu yoyote niliyoichora ubaoni.

Mitihani sitaisema sana. Wiki ya UE hakuna mazoezi, na mwenye sapu, yaani mtihani wa kurudia, hasafiri na timu. Nimewahi kupoteza nusu fainali kwa sheria hiyo, na nitapoteza nyingine.

Yule nahodha alinipigia wiki mbili zilizopita kutoka shule anayofundisha. Ameanzisha timu ya wasichana. Alikuwa na swali moja tu: anaandikaje pointi za watatu kwa watatu kama waliokuja ni kumi na mmoja? Nikamwambia watano wawe pembeni kwa zamu, na mmoja wao ndiye ashike daftari.

Muda wangu umekwisha na jua bado halijawa kali. Koni zimeshapangwa pale nje. Naomba twende tukafanye zile dakika ishirini wenyewe, nianze na sehemu ya kutua. Nyie mtatua, mimi nitafumba macho nisikilize.